MAISHA YA BIBI OSA JOHNSON, MWANAMKE WA KAMERA NA PORI

Katika ukurasa huu wa watu waliojulikana sana duniani, mara nyingi tunapenda kusimulia habari za wafalme, waganga na watu wa vita. Safari hii tumechagua mwanamke mmoja ambaye kazi yake haina hata jina moja zuri katika lugha yetu. Kazi yake ilikuwa kwenda porini, kupiga sinema na foto za nyama wa porini, za mito na za watu, kisha kurudi mijini kuzionyesha, kuandika vitabu, na kupata chakula chake kwa kazi ile.

Kwa nini tumemchagua huyu? Sababu ni hii. Tukiwauliza dada zetu wa shule watafanya kazi gani kesho, majibu tunayajua mbele: ualimu, kazi ya lupitalo, biro ya kampuni ya migodi, biashara. Kazi hizi ni nzuri zote, hatuzidharau. Lakini msichana akisema anataka kushika kamera na kutembea mu pori, watu wanacheka. Eti ni kazi ya wanaume, tena ya wazururaji. Kumbe tangu zaidi ya miaka mia moja mwanamke mmoja aliifanya, na kazi hiyo ilimfikisha mpaka hapa kwetu Kongo. Maisha yake yana sifa, yana lawama vilevile. Tutasema yote mawili.

Mtoto wa reli

Osa Helen Leighty alizaliwa tarehe 14 Machi 1894 katika mji mdogo wa Chanute, jimbo la Kansas, nchi ya Marekani. Baba yake alikuwa mtu wa treni. Sisi wa Kolwezi tunajua vizuri maana yake kuwa mtoto wa mtu wa reli: unasikia filimbi usiku, na unajua kama njia ile inafika mbali, hata kama wewe mwenyewe hujafika. Lakini Osa alikuwa mtoto wa kukaa nyumbani, na hakuna aliyemdhania mambo ya safari.

Katika mji wa Independence, karibu na pale, alikuwako kijana Martin Johnson, mtoto wa mwuza saa na vito, aliyezaliwa mwaka 1884. Martin alikuwa na bahati ya ajabu. Mwaka 1907 alichukuliwa kama mpishi katika mashua ya mwandishi Jack London, iliyoitwa Snark, nao wakapita visiwa vingi vya bahari ya Pasifiki. Aliporudi alikuwa na foto, akafungua nyumba ya kuzionyesha kwa watu wa kwao, huku akiwasimulia habari za mbali.

Osa na Martin walioana mwezi Mei 1910. Osa alikuwa na miaka 16 tu. Jambo hili sisi hatulisifu hata kidogo, maana msichana wa miaka 16 mahali pake ni darasani. Tunalitaja kwa sababu ni kweli, na pia ili tuone kwamba huyu mama hakupata shule ya kazi yake mahali popote. Aliisomea njiani.

Kwa muda wa miaka saba walitembea mji kwa mji katika Marekani wakionyesha foto katika nyumba za michezo. Martin alisimulia, Osa aliimba nyimbo za visiwani. Siku zingine ukumbi ulijaa, siku zingine falanga haikutosha hata kulipia kitanda. Wale wanaofikiri kwamba kazi ya kamera inaanza na sifa, waangalie miaka hii saba.

Visiwa vya mbali

Mwaka 1917 walipata pesa za kutosha kwenda wenyewe mpaka visiwa vya Solomon na New Hebrides, nchi ambayo leo inaitwa Vanuatu. Katika kisiwa cha Malekula walipanda mlima kutafuta watu walioitwa Big Nambas, na mfalme wao Nagapate. Wenyewe walisimulia kwamba walishikwa, wakaponea chupuchupu wakati meli ya serikali ya Kiingereza ilipoonekana baharini. Osa alikuwa na miaka 23.

Mtu mwingine angerudi kwao na kufunga mlango. Hawa walirudi kulekule mwaka 1919, tena wakabeba mashini ya kuonyesha sinema, wakawaonyesha watu wa Nagapate sura zao wenyewe kwenye kitambaa cheupe. Filimu ya safari ya kwanza ilitoka mwaka 1918. Kutoka pale wakaenda Borneo mwaka 1920. Jina la Johnson likaanza kujulikana. Lakini katika matangazo mengi Martin alikuwa mwenye kazi, na Osa alikuwa mke wa mwenye kazi. Neno hili tulishike, maana tutalirudia.

Marsabit, miaka minne mlimani

Katika New York walijuana na Carl Akeley, mtu wa Jumba la Makumbusho ya Viumbe la Marekani. Akeley alikuwa fundi wa ajabu: yeye mwenyewe alitengeneza kamera ya sinema ya kufuata nyama anayekimbia, ambayo iliweza kugeuzwa polepole upande wowote bila picha kutikisika. Aliwahimiza waende Afrika kabla pori halijabadilika. Safari yao ya kwanza ilikuwa 1921 mpaka 1922, huko Kenya. Filimu iliyozaliwa ilifurahisha watu, na matajiri wengine wakakubali kuweka pesa, mmoja wao George Eastman, mwenye kampuni ya Kodak.

Hivyo kutoka 1924 mpaka 1927 walikaa kaskazini ya Kenya, juu ya mlima Marsabit, pembeni ya ziwa walilolipa jina la Paradise. Walijenga mugini mzima: nyumba, ghala, na chumba cha giza cha kusafishia filimu. Hapa tunataka kusimama kidogo, kwa maana watu wengi wanaona sinema tu, hawaoni kazi iliyo nyuma yake.

Utepe wa filimu wa wakati ule ulishika moto upesi sana, na joto liliuharibu. Kamera ilikuwa nzito, ikasimama juu ya miguu mitatu, na mpiga sinema alizungusha mkono wake kwa mwendo mmoja, bila haraka wala kulegea. Akilegeza, picha zinaharibika. Sasa fikiri: simba au kifaru anakuja mbele yako, na mkono wako mmoja unazungusha chuma, jicho lako liko ndani ya tundu dogo. Huwezi kukimbia, huwezi kushika bunduki. Basi ni nani anasimama pembeni kukulinda?

Ni Osa. Alijifunza kulenga sawasawa, akasimama na bunduki karibu na kamera, na kazi yake ilikuwa kutopiga. Ndiyo, tunasema kutopiga. Akipiga mapema, nyama anakufa na sinema inaisha. Akichelewa, bwana wake anakufa. Alipaswa kupima hatua za mnyama kwa macho, na kungoja. Mara zingine ni yeye aliyezungusha kamera, na Martin alishika silaha. Usiku walijificha karibu na maji, wakaweka taa za kuwaka mara moja nyama wanapokuja kunywa, na kupiga foto zao gizani.

Tena si hayo tu. Ni Osa aliyelima bustani ya mboga pale mlimani, akavua samaki, akapika, akaangalia wagonjwa, akapanga chakula cha wafanyakazi wengi. Safari ikikosa chumvi, unga au maji, hakuna sinema. Katika kampuni zetu za migodi mtu wa kupanga vitu vyote anapata mshahara mkubwa na biro yenye ubaridi. Osa alifanya kazi ya watu wanne, na watu wakasema anamsaidia bwana wake.

Na wale wengine? Nani alibeba mizigo, alikata njia, alijua maji yako wapi? Walikuwa Waafrika. Mmoja wao anajulikana, mzee Boculy, kiongozi wao wa kufuata nyayo za tembo. Bila macho yake, kamera ya Akeley ingepiga majani matupu. Lakini wengi wa wafanyakazi wale majina yao hayakubaki katika habari.

Filimu kubwa ya miaka ile ilitoka 1928, nayo iliitwa Simba. Neno la Kiswahili, wandugu! Likaandikwa kwa herufi kubwa mbele ya nyumba za sinema za Marekani.

Kufika kwao Kongo

Mwaka 1929 walianza safari nyingine, na safari hii ni yetu, maana iliwafikisha Kongo, wakati nchi ilikuwa chini ya Wabelgiji. Hawakushuka mpaka huku kwetu Katanga. Walikaa mashariki, mu pori la Ituri, kati ya Wambuti, kisha wakaenda katika milima ya Alumbongo, upande wa Kivu, kutafuta sokwe wakubwa wanaoitwa ngagi au gorila.

Safari hii walibeba kitu kipya: mashini za kushika sauti. Sinema za zamani zilikuwa bubu. Sasa watu wa New York waliweza kusikia sauti za pori lenyewe. Filimu hiyo, Congorilla, ilitoka mwaka 1932, na inahesabiwa kuwa filimu ya kwanza yenye sauti zilizoshikwa kwelikweli katika Afrika. Kwa ufundi, ni kazi ya kusifiwa. Kupeleka mashini zile nzito kwa kamyo, katika njia za matope, na kuzitengeneza mbali na kila fundi, si mchezo.

Lakini twendelee kusema kweli. Katika filimu ileile kuna sehemu ambapo Wambuti wanapewa sigara kubwa wavute, na wanapigiwa muziki wa jazi katika gramafoni wacheze, ili watu wa mijini wacheke. Osa mwenyewe anaonekana pale akicheza nao. Wambuti ni watu wenye akili ya pori kuliko mtu yeyote: wanajua asali, dawa, nyavu, nyayo, na nyimbo zao za sauti nyingi zinashangaza walimu wa muziki wa dunia nzima. Mtu akikaa miezi kati yao, kisha anarudi na kichekesho, amepoteza kitu kikubwa. Wao hawakuuliza waonyeshwe vile. Wala hawakukaa katika ukumbi siku ile kujibu.

Tena walikamata gorila wadogo. Wawili walifukuzwa mpaka wakapanda mti, na mti ukakatwa. Waliitwa Ngagi na Mbongo, wakauzwa kwa bustani ya wanyama ya San Diego mwaka 1931. Watu walisafiri kutoka mbali kuwaangalia. Mbongo alikufa mwaka 1942, Ngagi mwaka 1944, mbali na milima yao. Wataalamu walitambua baadaye kwamba walikuwa gorila wa ile aina ambayo haipatikani mahali pengine duniani ila mashariki ya Kongo yetu. Leo aina hiyo iko karibu na kwisha.

Ndege zenye milia na madoa

Baada ya Kongo walitaka kuona Afrika kutoka juu. Wote wawili walijifunza kurusha ndege kwao Kansas, Osa pia. Mwaka 1932 walinunua ndege mbili za Sikorsky, za kutua juu ya maji na juu ya nchi kavu. Moja ilipakwa milia sawa na punda milia, ikaitwa Osa's Ark, maana yake Safina ya Osa. Ya pili ilipakwa madoa ya twiga, ikaitwa Spirit of Africa. Mwaka 1933 walianzia Cape Town, wakapanda kaskazini mpaka Nairobi, na mpaka 1934 waliruka karibu kilometa 96.000. Walipiga sinema za mlima Kenya kutoka juu, na za makundi makubwa ya nyama katika mbuga za Serengeti. Filimu yake, Baboona, ilionyeshwa mwaka 1935. Kisha wakarudi Borneo, 1935 mpaka 1936.

Siku ile ya Januari

Sasa tunafika mahali pagumu. Tarehe 12 Januari 1937, wakiwa Marekani katika safari ya kutoa hotuba, walipanda ndege ya abiria kuelekea Burbank, California. Ndege ikagonga mlima. Martin alikufa kesho yake. Osa aliokoka, lakini alivunjika vibaya.

Hapa watu walifikiri habari imekwisha. Aliyejulikana ni Martin. Mke wa Martin atarudi Chanute kwa mama yake, atavaa nguo nyeusi, basi. Mwaka ule, ambao mji wetu wa Kolwezi ulianzishwa, mjane wa miaka 42 alikuwa na mkataba wa hotuba usiomalizika, madeni ya safari, na mguu uliovunjika. Alifanya nini? Aliendelea na hotuba, mbele ya watu, ndani ya kiti cha magurudumu.

Mwaka huohuo wa 1937 alirudi Afrika ya Mashariki, safari hii akiwa yeye ndiye kiongozi, kwa kazi ya kampuni ya sinema iliyokuwa inatengeneza filimu ya Stanley na Livingstone. Filimu ilitoka 1939. Hakuna tena aliyeweza kusema kwamba anamsaidia bwana wake.

Mwaka 1940 alitoa kitabu cha maisha yao, I Married Adventure. Mwaka ule ndicho kitabu cha habari za kweli kilichouzwa kuliko vyote Marekani. Ni sawa kusema kwamba alipata msaada wa waandishi wengine; hata hivyo maisha yalikuwa yake, na jina lake peke yake liliandikwa juu. Filimu yenye jina lile ilitoka mwaka uleule. Akaandika Four Years in Paradise mwaka 1941, juu ya miaka ya Marsabit, na Bride in the Solomons mwaka 1944. Tangu 1930 alikuwa ameandika pia vitabu vya watoto juu ya nyama wadogo wa porini. Akaweka jina lake kwenye nguo za safari na wanyama wa kitambaa wa kuchezea watoto. Mtu wa Kolwezi angesema: mama huyu alijua soko.

Mwaka 1952, televisheni ilipokuwa bado changa, alitoa vipindi vilivyoitwa The Big Game Hunt, kati ya vipindi vya kwanza kabisa vya nyama wa porini katika televisheni ya dunia. Filimu za miaka ya nyuma zikapata uhai mpya. Hapo tunaona akili yake: kazi iliyofanywa vizuri na kuhifadhiwa vizuri inaweza kukulisha mara ya pili.

Maisha yake ya nyumbani hayakuwa laini. Aliolewa tena, na ndoa ile ikavunjika mwaka 1949. Tarehe 7 Januari 1953 moyo ulisimama, mjini New York. Alikuwa na miaka 58. Alizikwa kwao Chanute. Mwaka 1961 jumba la makumbusho lenye majina ya Martin na Osa lilifunguliwa katika mji ule mdogo, na baadaye likahamia katika gari la zamani, maana yake stesheni ya treni. Mtoto wa reli alirudi kwenye reli.

Kamera moja, kazi mbili

Tulipozungumza habari hizi kati yetu, tulitofautiana sana. Wengine walisema: mwanamke aliyewafanya wazee wa Ituri kichekesho hafai kuwekwa mbele ya wasichana wetu. Wengine walijibu: mjane aliyetoa hotuba ndani ya kiti cha magurudumu anafaa kabisa. Sisi tunaona pande zote mbili zina haki, na kwa kupima tunapenda kumweka pembeni yake mwanamke wa pili, aliyeshika kamera Kongo miaka 25 mbele yake.

Huyu ni Alice Seeley Harris, mmisionere Mprotestanti kutoka Uingereza, aliyefika Kongo mwaka 1898 pamoja na bwana wake John. Walikaa Baringa, Ekwateri. Wakati ule nchi ilikuwa mali ya mfalme Leopold wa Pili, na watu waliteswa kwa ajili ya mpira wa kienyeji. Mwezi Mei 1904 mtu mmoja, Nsala wa Wala, alikuja misioni akibeba mkono na mguu wa mtoto wake mwanamke, aliyeuawa na askari wa kampuni ya mpira. Alice alimketisha barazani, akapiga foto. Ndiyo yote. Foto ile na zingine zilionyeshwa katika mikutano ya Uingereza na Marekani, na zilisaidia kuamsha watu, mpaka mwaka 1908 Leopold akanyang'anywa Kongo. Taabu haikwisha siku ile, lakini uwongo ulikwisha. Mama Alice aliishi miaka mia, 1870 mpaka 1970.

Angalieni tofauti, wasomaji. Mashini ni ileile. Mtu mmoja alimpiga foto Nsala akiwa baba mwenye uchungu, na jina lake tunalo mpaka leo. Mwingine aliwapiga sinema Wambuti wakiwa mchezo, na majina yao hatunayo. Kamera haina dhambi wala utakatifu. Inategemea unamtazama mtu kama nani.

Tupate faida gani?

Kwanza, kazi inatangulia jina. Osa alifanya kazi miaka 27 chini ya jina la bwana wake, na siku alipobaki peke yake, ilionekana kwamba kazi alikuwa anaijua yote: kulenga, kupika, kurusha ndege, kupanga safari, kusimama mbele ya watu. Lakini tusijenge desturi juu ya jambo hili. Si vizuri mwanamke angoje kuwa mjane ndipo watu waone mikono yake. Dada anayefanya kazi, jina lake liandikwe leo.

Pili, pori lenyewe halitoshi. Walio na ujuzi wa kamera ni wengi. Osa alijua pia kusimulia, kuandika, kuuza, kuhifadhi. Kwa hiyo somo la lugha, ambalo wengine wanalikimbia, ni somo la mtu wa kamera. Somo la hesabu vilevile, maana mkataba usiousoma ndio unaokula jasho lako. Na Kifaransa peke yake hakitoshi, wala Kiswahili peke yake.

Tatu, na hii ndiyo kubwa kwetu. Mara kwa mara wageni wanakuja Kolwezi na kamera. Wanapiga mashimo ya shaba na kobalti, wanapiga wachimbaji wa mikono, wale tunaowaita makrezeri, na mama wanaoosha mawe. Wengine wanakuja kwa moyo wa Alice Harris. Wengine wanakuja kutafuta kitu cha kuuza. Filimu zinaondoka. Sisi tunabaki kama watu wa Ituri wa mwaka 1930: tumeonekana, hatukusema. Na hakuna filimu ya ziwa la Nzilo asubuhi, wakati wavuvi wanarudi. Na je, ni wangapi kati yetu wamekwisha kuona picha za punda milia wa Upemba, mbuga iliyoanzishwa mwaka 1939, inayoingia katika jimbo letu la Lualaba, ambamo wanaishi punda milia wa mwisho wa Kongo nzima?

Nani atazipiga sinema hizo? Siku hizi kamera haibebwi tena na watu kumi. Hata simu ya mkononi inashika picha na sauti kuliko mashini zile za Congorilla. Kinachokosekana si chuma. Kinachokosekana ni mtoto wa hapa, anayejua jina la mzee anayempiga foto, anayemwomba ruhusa kwa lugha yake, na anayerudi kumwonyesha kazi ilivyotoka. Osa na Martin walirudi Malekula na kitambaa cheupe mwaka 1919. Neno lile zuri tulishike, na lile la sigara tuliache.

Dada zetu, ikiwa mmoja wenu amesoma mpaka hapa na moyo wake umeruka kidogo, asiogope kicheko cha uwanjani. Azungumze na mwalimu wake wa jiografia au wa lugha, amalize masomo, afaulu eksameni ya taifa, ndipo aingie njiani. Na sisi wanaume wa shule hii, siku atakapopita na kamera begani, kazi yetu si kumwuliza bwana wake yuko wapi. Kazi yetu ni kumbebea ile miguu mitatu, na kuandika vizuri jina lake.



Kwa niaba ya sisi wa mwaka wa mwisho,
Kapita wa wanafunzi